Dhahabu yangu, sahihi yangu, halafu niambiwe ninyamaze?

Shangazi, assalaamu alaykum.

Usingizi haukuja. Adhana ya alfajiri imenikuta nimekaa kitandani na kalkuleta mkononi. Barua itakuwa ndefu, unisamehe, lakini mume wangu kanivunjia heshima mbele ya kijana ambaye ningeweza kumsomesha mie, na mpaka sasa hajaniambia hata samahani.

Mume wangu anaendesha watalii. Gari ya watu, hesabu ya watu, na tajiri akiamka vibaya anachukua funguo yake. Kwa hiyo anataka Noah ya mkataba, alipe kidogo kidogo mpaka iwe yake. Mie sikatai. Nakwambia mapema kwa sababu mkwe wangu anasema namwonea mwanawe husuda. Mwenye husuda anakwenda kuwa mdhamini? Wale wenye gari wanataka mtu mwenye slipu ya mshahara, na mwenye slipu ni mie mwalimu. Kianzio nacho kinatoka kwenye bangili alizoniachia mama.

Tulipofika ofisini kwao, kijana akamsogezea mume wangu karatasi na kumwonesha pa kutia sahihi. Nikaivuta. Kianzio milioni 4. Amana milioni 1. Pesa ya faili laki 3. Kifaa cha kufuatilia gari laki 2 na nusu. Bima kubwa juu yetu. Kodi ya mwezi wa mwanzo hapo hapo, 650,000. Na chini kabisa, kwa herufi kama sisimizi, kwamba miezi 36 ikimalizika tutoe milioni 5 nyengine ndipo kadi ibadilishwe jina.

Nikauliza, tena kwa adabu, amana inarudi? Akasema inarudi gari ikiwa salama. Salama ya nani, nani atakayeikagua, hapakuandikwa. Nikauliza ni faili gani hilo la laki 3. Akacheka. Nikauliza bei ya gari yenyewe ni ngapi, maana tangu tuingie tunatajiwa kodi ya mwezi tu. Hapo mume wangu akanigeukia: "Wewe mwanamke, hebu nyamaza, hapa si skuli."

Hapa si skuli! Mbona nilipovua bangili hakuniambia ninyamaze?

Nimepiga hesabu. Miezi 36 kwa 650,000 ni 23,400,000. Tia kianzio, tia zile milioni 5 za mwisho, unapata 32,400,000, na hapo hujagusa bima, faili wala hicho kifaa. Kama ni ghali au rahisi siwezi kujua, kwa sababu bei ya taslimu ndiyo niliyoiuliza nikanyamazishwa. Mume wangu anashikilia kwamba kianzio kikubwa ni nafuu, eti kodi inashuka. Inashuka, ndiyo. Lakini tukitoa milioni 1 badala ya 4, na wao wasiongeze faida juu yake, kodi inapanda kama 83,000 tu kwa mwezi, na bangili zangu zinabaki. Gari ikigongwa mwezi wa pili ikafa kabisa, bima inamlipa mwenye gari, sisi kianzio chetu hatukioni tena. Kijana mwenyewe kasema hakirudi.

Halafu masika. Wewe unaijua Aprili na Mei ya huku, hoteli nyengine za Nungwi na Paje zinafunga, madereva wanacheza bao. Kodi inatakiwa vile vile. Na wameweka kikomo cha kilomita 2,000 kwa mwezi, ukizidisha unalipia. Mjini na Nungwi, kwenda na kurudi, hazipungui 100. Huyo ni dereva wa watalii au wa kupeleka watoto chuoni?

Darsani tulisomeshwa kwamba kwenye ijara, yaani kukodisha mali kwa sharia ya dini, bima ya mali na matengenezo makubwa ni juu ya mwenye mali. Nikamwambia njiani tukirudi. Akasema siku hizi nimekuwa shekhe.

Si mume mbaya, Shangazi. Hajanilaza njaa, hajaninyanyulia mkono. Ndiyo maana limeniuma zaidi. Mbele ya yule kijana, na karatasi yenye jina langu ipo mezani!

Gari nataka aipate. Au sijui, pengine naomba wamkatalie wao wenyewe, lawama isinifike. Dada yangu anasema nirudi pale peke yangu, niwaombe waandike bei ya gari, washushe kianzio, wafute hiyo ya faili, waongeze kilomita, na miezi ya masika tulipe nusu. Naweza, wala siwaogopi. Lakini wakikubali, mume wangu ataonekana kapiganiwa na mkewe, na hilo hatonisamehe. Nikikataa sahihi, mkwe atasema nimemkatia mwanawe riziki.

Jibu wanalitaka Alhamisi. Sonara keshazipima bangili. Mdhamini anaweza kuomba mkataba akausome nyumbani kabla ya kutia sahihi, au nikisema hivyo nitakuwa nimemuumbua mume? Na akishindwa kulipa, mshahara watakaoukata ni wangu? Hilo hakuna aliyelitaja pale, na mie nilishaambiwa ninyamaze.

Jina langu usilitoe, mji huu mdogo.

Mwalimu, Unguja