Mita moja, vyumba sita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga Isevya hapa Tabora huu mwaka wa saba, kwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana uani. Mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni moja, ya maji moja, na daftari moja. Daftari nalishika mimi. Sikugombea cheo hicho. Nilibebeshwa kwa sababu nashinda nyumbani mchana kutwa, na kwa sababu, kama alivyosema mama wa chumba cha pili, fundi anajua kupima.

Kila tarehe mosi napita mlango kwa mlango kuchangisha elfu tano tano. Ikitimia elfu thelathini nanunua umeme kwa simu, meseji inaingia, nasoma tokeni kwa sauti na kijana wa chumba cha sita anabonyeza. Hapo ndipo kesi huanza, maana kila mtu anataka kujua tumepata uniti ngapi.

Tunapata 80. Wanaokumbuka hesabu ya katikati ya mwezi husema elfu thelathini huwa inaleta 84, hizo nne nimezipeleka wapi? Nimeshatuhumiwa, Mhariri. Siku moja ilibidi niweke simu juu ya meza ya kukatia vitambaa, niwaite wote, tusome meseji mstari kwa mstari. VAT asilimia 18: shilingi 4,204. REA, ya umeme vijijini, asilimia 3: shilingi 700. EWURA, ya mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1: shilingi 233. Na mstari ambao hautokei tukinunua tena mwezi huohuo: kodi ya jengo, shilingi 1,500.

Kodi hiyo iliingizwa kwenye LUKU mwaka 2021, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa ghorofa za mjini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Hukatwa mara moja kwa mwezi, unaponunua umeme kwa mara ya kwanza. Ukikaa miezi mitatu bila kununua, zinakusubiri 4,500. Kijana aliyehamia chumba kilichokuwa kimefungwa nyumba ya jirani alinunua umeme wa elfu tano, akapata uniti za kuwasha taa mbili. Alidhani mita imeharibika.

Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Hilo halina ubishi, na tangu utaratibu huu unaanza Serikali ilisema mpangaji akikatwa, wamalizane na mwenye nyumba. Kumalizana ndiko kugumu. Mwenye nyumba wetu ni mzee mstaarabu, mkulima wa tumbaku huko Urambo, huja mara mbili kwa mwaka kuchukua kodi ya pango ya miezi sita sita. Alipokuja safari iliyopita nilimfungulia daftari: "Baba, hii tisa elfu ya nusu mwaka tumekulipia." Akacheka, akavuta kigoda. "Mwanangu, hata ushuru wa mazao tunaambiwa anayelipa ni mnunuzi. Lakini bei inashuka kwa nani?" Nikakosa jibu, kwa kuwa anasema kweli. Chai akanywa, tisa elfu hakutoa.

Sitaki kuifanya 1,500 kuwa kubwa kuliko ilivyo. Ukiigawa kwa vyumba sita ni shilingi 250 kila chumba, bei ya maandazi. Kinachotuumiza hasa kiko juu ya mstari huo, na watu wengi hawakioni kwa kuwa hakijaandikwa kwenye meseji.

Kuna bei ya wateja wadogo, ile tunayoiita tarifu 4. Mwenye nayo hulipa shilingi 100 kwa uniti, ukijumlisha kodi zake inafika 122, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila uniti ya juu yake inakuja kwa 427, na akiwa mzidishaji wa kila mwezi anahamishiwa tarifu 1, ya wateja wa kawaida, ambako uniti ni 292, ukijumlisha kodi zake inafika 356. Bei hiyo ya chini iliwekwa kwa ajili ya watu kama sisi: taa tatu, redio, simu mbili za kuchaji, pasi ya Jumapili. Kwa daftari langu, chumba kimoja hapa kinatumia uniti 13 hivi kwa mwezi. Hata cherehani yangu, ambayo wenzangu wanaishuku sana, ina mota ndogo, na kazi nyingi nafanya kwa mguu.

Lakini mita haijui kuna vyumba sita. Inaona mteja mmoja anayemaliza uniti 80, inamhesabu kuwa amejaliwa. Kwa hiyo muuza karanga wa chumba cha tatu, ambaye hana hata feni, analipa kwa bei ya mwenye friji na televisheni ya ukutani. Uniti zake 13 angekuwa na mita yake zingemgharimu kama 1,600. Anatoa elfu tano. Na aliyepanga nyumba nzima peke yake mtaa wa pili, mwenye mita yake, mshahara na matumizi ya uniti 60, yuko tarifu 4 raha mustarehe. Simwonei wivu, ila hesabu ile haikulenga hivyo.

Mtu ataniuliza kwa nini tusiweke mita sita. Bei ya kuunganishiwa umeme mjini ilipopandishwa mwaka 2022 ilifika shilingi 320,960 pale pasipohitaji nguzo. Mpangaji gani atazika fedha hizo kwenye ukuta wa mtu, aondoke aiache? Mzee naye hana haraka, umeme hanunui yeye. Tena mita zikiwa sita, asipokwenda kueleza kwamba jengo ni moja, anaweza kujikuta nyumba moja inakatwa kodi ya jengo mara sita. Mara sita hizo, bila shaka, tutazilipa sisi.

Maji yana kesi zake, ila ni za aina nyingine. Umeme unaulipia kabla hujauona, maji unayalipia ulishasahau. Bili inakuja na uniti, nami nawaeleza wenzangu kwamba uniti moja ni lita 1,000, ndoo hamsini za lita 20; wakishahesabu kwa ndoo kelele zinapungua. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora, tukaacha kuliangalia Bwawa la Igombe kila kiangazi, wanaofua uani wameongezeka na bili nayo ikapanda. Tunagawana kwa vichwa, watoto wa kunyonya bure. Shida ni anayehama tarehe ishirini na bili inakuja tarehe thelathini.

Kuna jambo lingine nililolisikia kwenye mkutano wa mtaa, ndilo lililonisukuma kuandika. Jirani mmoja alikataa katakata kutoa ada ya taka. Sababu yake: "Mbona tunakatwa elfu na mia tano kwenye LUKU?" Watu wakampigia makofi. Mwenyekiti alieleza mpaka jasho likamtoka, nadhani tulioelewa tulikuwa wachache. Kodi ya majengo zamani ilikusanywa na halmashauri. Mwaka 2016 ikaanza kuhamishiwa TRA, mamlaka ya mapato, na sasa inapita kwenye mita kwenda Serikali Kuu. Gari la taka linaendeshwa na ada ya taka. Halmashauri ina makusanyo yake mengine: ushuru wa soko, leseni, ushuru wa huduma, na asilimia 10 ya mapato hayo ya ndani kisheria ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mifuko miwili tofauti. Mwananchi anaona mmoja tu, ule unaotoka kwake.

Na bibi wa nyumba ya kona, amepita miaka sabini, anaishi nyumba yake mwenyewe, anakatwa kila mwezi. Mzee aliyefikisha miaka 60 amesamehewa kodi hiyo kwa nyumba anayoishi, lakini lazima aombe, na mita yake ina jina la marehemu mumewe. Nimeahidi kumsindikiza. Nyaraka ziko kwenye sanduku la bati, funguo hazionekani.

Ninaloomba kwa wahusika ni hili. Mita ya nyumba ya kupanga iandikishwe na idadi ya kaya zilizomo, kwa barua ya serikali ya mtaa, na kikomo cha uniti 75 kihesabiwe kwa kaya, kisihesabiwe kwa mita. Mwenyekiti wetu anajua nani analala wapi, mpaka wageni wa wiki moja. Hilo likiwa gumu, basi mita za ziada zilipwe kidogokidogo kupitia tokeni, nasi tutachanga. Na kwenye meseji, pale penye kodi ya jengo, waongeze maneno mawili tu: "ya mwenye nyumba". Mzee anarudi Desemba, nataka nimwonyeshe simu kabla sijachemsha chai.

Mshika daftari,
Isevya, Tabora