Barua kwa mwanangu anayeshindana mbio za baiskeli Ubelgiji

Nyamirambo, Kigali

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, bibi yako anakusalimu na kukuombea dua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu, nikigusa tu habari ya chakula, unanikatiza.

Umesema kuna mtu kwenye timu amekwambia ukipunguza kilo 3 utapanda milima vizuri, na tangu hapo unakula nusu sahani. Dada yako naye ameniambia ulilonificha, kwamba hedhi imekatika. Mwanangu, hilo si jambo la kunyamazia. Mwili unaofanyishwa kazi saa nyingi juu ya baiskeli, kisha ukanyimwa chakula, unajila wenyewe. Hedhi ikikatika hivyo, mifupa nayo inadhoofika, na anguko ambalo lingekuachia michubuko linakuvunja.

Najua utanitajia Pauline Ferrand-Prévot. Ni kweli, alijikondesha makusudi, akashinda Tour de France ya wanawake, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mwaka 2025. Lakini yeye mwenyewe alisema wazi kwamba hali ile si ya kuishi nayo. Tena yule alikuwa na miaka 33, bingwa wa Olimpiki. Wewe una 19, mifupa bado inajijenga.

Halafu hiyo aibu ya kumaliza nyuma sijui umeitoa wapi. Nilikutazama Jumapili. Ulirudi hadi kwenye gari la timu, ukajishindilia chupa za maji mgongoni ndani ya jezi mpaka ukawa kama una kibiongo, nyingine umezitia kifuani, ukapenya kundi lote ukiwagawia wenzako. Hukupumzika, ukakaa mbele kukata upepo, nahodha wako amejibanza nyuma ya gurudumu lako. Ulipoachwa zilibaki kilomita 20. Yeye akaingia wa 4. Karatasi ya matokeo haina mahali pa kuandika hayo, lakini ndiyo kazi uliyoajiriwa, na uliifanya. Kazi hiyo haifanywi na mtu mwenye njaa.

Unakumbuka tulivyosimama hapa Kigali, kwenye mlima wa mawe wa Kimihurura, Septemba 2025, mara ya kwanza mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani kuja Afrika? Mbio za wanawake zilikuwa kilomita 164.6, mizunguko 11, na wale waliotabiriwa ushindi wakabaki kuviziana huko nyuma. Aliyechomoka kwenye mlima ule wa mawe mara ya mwisho ni Magdeleine Vallieres wa Kanada, miaka 24. Kabla ya siku ile alikuwa na ushindi mmoja tu tangu awe wa kulipwa. Muda mwingi alikuwa akiwafanyia wengine kazi kama hii yako. Ulipiga kelele hadi sauti ikakukauka, na wala hukuwahi kumsikia jina kabla ya hapo!

Na Kim Le Court wetu wa Mauritius: alikwenda Ulaya akiwa kijana, akarudi Afrika, akashindana kwa baiskeli za milimani, kisha akaenda tena. Mwaka 2025 akashinda mbio za Liège–Bastogne–Liège huko huko Ubelgiji, na mwaka huohuo akavaa jezi ya njano ya anayeongoza Tour, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuivaa. Alikuwa na miaka 29. Sasa wewe haraka ya nini?

Jambo la mkataba. Timu za daraja la juu zina kima cha chini cha mshahara tangu 2020, kilianza euro 15,000 na sasa kimepita 30,000. Timu yako haimo daraja hilo, kwa hiyo kilichoandikwa kwenye mkataba wako ni muhimu sana. Nipigie picha kurasa zote, mjomba wako azisome. Kama kuna kifungu cha uzito, nataka kukiona.

Tafuta daktari wa nje ya timu, wa kike ukimpata, umweleze yote, hedhi kwanza. Pesa nimeshamwachia mjomba wako, atakutumia kesho. Na leo usiku pika wali, ule ushibe.

Alhamisi nakupigia saa mbili usiku. Usinikatize.

Mama yako