Siku mbili si saa 48: kipimo cha UVIKO-19 kabla ya kupanda meli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jambo lililoandikwa hivi karibuni katika makala ya safari, ambapo wasomaji waliambiwa kwamba anayepanda meli ya kitalii katika bandari za Marekani anatakiwa kuwa na kipimo cha UVIKO-19 “kisichozidi saa 48”. Familia yangu imeyapitia masharti hayo mwezi huu wa Mei 2022, na kampuni tuliyosafiri nayo haikuandika saa 48 mahali popote. Iliandika siku 2. Mwandishi wako huenda aliona ni kitu kimoja, lakini tofauti iliyomo kati ya maneno hayo mawili ndiyo inayowatoa watu jasho kwenye foleni ya bandarini.

Meli yetu iling’oa nanga Galveston, Texas, Jumapili tarehe 15 Mei 2022. Siku yenyewe ya kupanda haikuhesabiwa. Hesabu ilianzia nyuma yake, Jumamosi ikiwa siku ya kwanza na Ijumaa ya pili. Kwa hiyo sampuli iliyochukuliwa Ijumaa, iwe alfajiri au usiku, ilikubalika, ilhali iliyochukuliwa Alhamisi saa 5 usiku ilikuwa imeshapitwa. Ukiitazama kwa Kiswahili, kanuni hiyo ilikuwa nyepesi kuliko ilivyoandikwa katika karatasi za kampuni: asubuhi ya kupanda meli, kipimo cha jana kilifaa na cha juzi kilifaa, cha kabla ya juzi hakikufaa.

Jirani yetu, ambaye tulisafiri naye, alikuwa ameisoma makala yenu kwenye simu. Miadi yake ya kupimwa ilikuwa Ijumaa saa 3 asubuhi katika duka la dawa lililo karibu na nyumbani, bila malipo, na sisi tulitakiwa kupanda Jumapili saa 7 mchana. Alikaa akahesabu kwa vidole, akapata saa 52, akaifuta miadi. Jumamosi alizunguka na gari hadi jioni akitafuta mahali pengine penye nafasi, akalipia kipimo ambacho angekipata bure, na usiku huo hakulala akisubiri majibu. Bandarini, mhudumu aliangalia tarehe tu. Saa hakuiuliza.

Naelewa kosa hilo linatoka wapi, maana wengi wetu tulifundishwa kuhesabu kwa saa. Kenya mwaka 2020 ilidai kipimo cha ndani ya saa 96, na Tanzania mwaka 2021 ikadai cha PCR, yaani kile cha maabara, kisichozidi saa 72 kabla ya kuwasili. Huko saa ilikuwa saa kweli. Aliyetolewa sampuli Jumatatu saa 2 asubuhi na ndege yake ikatua Alhamisi saa 4 asubuhi amefikisha saa 74, na hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ni siku 3 tu. Kanuni ya saa humbana msafiri kwa dakika na ile ya siku humpa nafuu ya mchana mzima. Kwa hiyo anayezichanganya anaweza kuumia upande wowote, ama kwa kuchelewa kupima, ama kwa kutupa kipimo kilicho halali.

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza wazi kwa nini kilichagua siku kwa wasafiri wa ndege. Kilipoibana kanuni kuanzia tarehe 6 Desemba 2021, baada ya aina mpya ya kirusi iitwayo Omicron kuzuka, kutoka siku 3 hadi siku 1 kabla ya kuondoka, kilisema hakikutumia saa 24 ili kipimo kisikataliwe kwa sababu tu ya saa ya ndege au saa ambayo mtu alipimwa. Mwenye ndege ya Ijumaa saa 7 mchana aliruhusiwa kuja na kipimo cha Alhamisi, saa yoyote.

Hapa ndipo shangazi yangu alipokwama. Alikuwa anatoka Dar es Salaam kuja kwetu Houston kabla ya safari ya meli, na tiketi yake ilisomeka tarehe 12 Mei, saa 9 usiku. Tarehe 12 ilikuwa Alhamisi. Wakala wa safari alimwambia, “Mama, unaondoka Jumatano usiku,” kama wengi wetu tunavyosema siku hizi, naye akarudi nyuma siku moja akaenda kupimwa Jumanne. Aliponitumia picha ya cheti, chenye muhuri na kila kitu, nilikitazama mara mbili kisha nikampigia. Ndege ilikuwa ya Alhamisi. Kilichotakiwa ni kipimo cha Jumatano. Bahati nzuri kanuni ya Marekani ilikubali pia kipimo cha haraka cha antijeni, kwa hiyo Jumatano mchana alirudi kupimwa, akalipa mara ya pili. (Marehemu bibi yangu wa Pangani, aliyehesabu siku tangu magharibi, angeuita huo usiku wa Alhamisi bila kufikiri, na angekuwa amepatia kuliko wakala mwenye kompyuta.)

Alipotua, nikamweleza kwamba cheti cha Jumatano kimemaliza kazi yake uwanja wa ndege, na kwamba kwa ajili ya meli atapimwa tena Ijumaa. Alinitazama, akagusa pua yake, akasema, “Mwanangu, pua ninayo hii moja tu.” Ijumaa alikwenda. Sikuweza kumlaumu kwa kununa, lakini sharti lenyewe lilikuwa na sababu. Mtu anaweza kuambukizwa siku moja baada ya kupimwa akiwa salama, na kadiri cheti kinavyozeeka ndivyo kinavyosema machache kuhusu hali yake ya leo. Meli haina mlango wa nyuma: mwezi Februari 2020, meli ya kitalii Diamond Princess ilipozuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, zaidi ya 700 kati yao walikutwa na maambukizi.

Liko jambo jingine ambalo makala haikuligusa. Cheti huwa na tarehe mbili, ya kuchukuliwa sampuli na ya kutolewa majibu, na inayohesabiwa ni ile ya kwanza. Cheti cha shangazi cha Jumanne kilikuwa na tarehe 10 kwa maandishi madogo juu, na tarehe 11 kwa wino mzito karibu na muhuri. Asiyejua angeapa kwamba ni kipimo cha Jumatano. Anayechagua PCR ajue pia kwamba majibu yake yanaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na mwenye siku 2 tu mkononi anaweza kuyapata meli ikiwa imeshaondoka. Kipimo cha haraka hutoa majibu ndani ya nusu saa hivi. Kile cha kujipima nyumbani peke yako hakikukubaliwa na kampuni yetu. Kilikubaliwa pale tu mhudumu wa afya alipokusimamia kwa video na kukupa cheti chenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti.

Tarehe 15 Januari 2022 amri ya CDC kwa meli za kitalii ilikoma, na kampuni zikawa zinachagua zenyewe kufuata mwongozo wake au kutoufuata, kwa hiyo masharti hayakulingana kati ya meli na meli na yaliweza kubadilika kati ya kulipia safari na kuondoka. Ndiyo maana naliomba gazeti, litakapochapisha tena habari za aina hii, liandike neno lilelile lililo kwenye sharti, siku kama ni siku na saa kama ni saa, na lieleze kama hesabu inaishia kwenye kuondoka, kupanda au kuwasili. Mfano mmoja wenye jina la siku, kama huo wa Jumapili na Ijumaa, ungemtosha jirani yangu.

Wako katika usomaji,
Msomaji wa Houston, Texas
24 Mei 2022