Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Naanza na kosa, na kosa lenyewe ni langu. Katikati ya mwaka niliwatumia ramani ya joto la bahari yenye doa jekundu, nikatangaza kwamba matumbawe tunayoyafuatilia yameanza kufa. Wazamiaji wetu wawili waliposhuka wiki ile ile waliyakuta na rangi zake zote, samaki wakiingia na kutoka kama kawaida. Kipimajoto alichofunga mmoja wao mkononi kilionyesha kuwa maji ya chini yalikuwa ya baridi kuliko ramani yangu ilivyodai. Simu nilizopigiwa baada ya hapo nilizistahili.

Kilichonipotosha ni hiki. Setilaiti inayopima kwa miale ya infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, huona ngozi tu ya bahari, utando mwembamba kuliko unywele. Siku ya shwari, jua likiwa la utosi, maji ya juu hupata moto yakayaacha ya chini kwa nyuzijoto kadhaa. Picha yangu ilikuwa ya mchana wa namna hiyo. Ndiyo sababu NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa, katika huduma yake ya kufuatilia matumbawe, hutumia vipimo vya usiku. Kamati imeamua: hakuna tena tahadhari itakayotolewa kwa picha ya mchana mmoja.

Badala yake tunahesabu wiki za joto. Huchukuliwa wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali husika, kisha huangaliwa maji yameuzidi kwa kiasi gani na kwa muda gani katika wiki 12 zilizopita. Yakiuzidi kwa nyuzijoto 1 kwa wiki 4, kupauka kunatarajiwa. Hesabu (nyuzijoto zilizozidi mara wiki) ikifika 8, tujiandae kwa vifo. Tumbawe lililopauka halijafa bado: limeutoa mwani unaoishi ndani ya nyama yake na kulilisha, sasa lina njaa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi.

Wengi mmeniuliza kuhusu ile asilimia 84. Ni kweli kwamba kati ya Januari 2023 na Aprili 2025 joto la kiwango cha kupausha lilifika kwenye asilimia 84 ya eneo la matumbawe duniani. Lakini lisomeni neno kwa neno: lililopimwa ni joto. Kupauka kwenyewe kulithibitishwa na watu waliovaa miwani wakazama. Ndivyo ilivyokuwa pia kaskazini-mashariki mwa Pasifiki, ambako wimbi la joto la 2014 hadi 2016 lilionekana vizuri kutoka angani, ila vifo vya mamilioni ya ndege wa baharini waliokosa samaki vilijulikana kwa kuhesabu mizoga ufukweni na ndege waliobaki kwenye makoloni yao.

Hata setilaiti zenyewe haziaminiki bila maji kuguswa. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, ukungu wa asidi uliotanda angani ulizifanya zisome bahari kuwa ya baridi kuliko ilivyokuwa, na maboya yanayopima joto majini ndiyo yaliyoumbua hitilafu hiyo. (Mawingu nayo huziba infraredi. Setilaiti za miale ya mikrowevu huona kupitia mawingu, lakini karibu na pwani, hapo hapo tunapopahitaji, vipimo vyake huharibika.)

Kuhusu ada sina la kuongeza, mhazini atasema. Niseme tu kwamba sehemu yake imenunua vipimajoto vya kuacha chini ya maji, vinavyojiandikia vyenyewe kila saa. Viwili tumeshavifunga. Kimoja kilipotea kwa sababu fundo lilifungwa vibaya, na safari hii si mimi niliyelifunga.

Daftari la zamu za kuzamia liko kwa katibu. Wiki za joto kali ndizo zenye nafasi tupu nyingi kuliko zote. Naomba tusitoke humu kabla hazijapata majina.

Mwenyekiti