Upepo wa Mau Narok usipite bure

Mhariri,

Nauza maziwa Mau Narok. Wiki jana stima ilipotea jioni, ikarudi asubuhi. Nilimwaga lita 60 zilizochacha, na usiku kucha upepo ulikuwa ukigongagonga mabati ya duka langu. Iliniuma sana.

Loiyangalani, kule Marsabit, mitambo 365 huzalisha hadi megawati 310 kwa upepo. Ngong nako ipo. Waheshimiwa wa bunge letu la kaunti, tengeni fedha za kupima upepo wa huku. Lakini anzeni na wenye mashamba, tafadhali: mradi wa Kinangop ulikufa 2016 kwa mizozo ya ardhi. Mimi nina robo ekari pale mlimani. Mlingoti wa kupimia nitaupokea.

Mama Maziwa,
Mau Narok, Nakuru