Nimeuza sura ya dadangu bila kumuuliza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto sita, mkulima wa mahindi na ng'ombe watatu wa maziwa huku Uasin Gishu. Nimezisoma barua za watu hapa kwa miaka, nyingi za mapenzi, na sikudhani siku moja nitaandika yangu. Yangu ni ya bango.

Dadangu mdogo yuko mwaka wa tatu katika chuo kimoja Marekani. Miguu yake ndiyo iliyompeleka. Alikimbia mbio za nyika akiwa kidato cha nne, kocha mmoja akaona muda wake, akapata ufadhili kamili: karo, chumba, chakula, vitabu. Sisi tulibakiwa na tiketi ya ndege na ada ya viza, tukafanya harambee kanisani. Jirani mmoja ambaye hakuwa na pesa alileta jogoo, akapigwa mnada. Huyo jogoo mkumbuke, Shangazi, atarudi.

Aprili mwenye duka moja la pembejeo mjini alinisimamisha. Ana chapa yake ya chakula cha ng'ombe, akataka picha ya dadangu kwenye bango pale makutano ya barabara na baadaye kwenye magunia. Shilingi laki moja na nusu, elfu sitini mkononi siku hiyo hiyo. Mvua ilikuwa imeanza, sina mbolea, na kitinda mimba wetu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Picha ninazo tele kwenye simu. Nikamtumia moja, nikatia sahihi mahali palipoandikwa "msimamizi".

Nilijiambia nitamweleza dadangu Jumapili akipiga. Jumapili akapiga, akaongea na mama, mtandao ukakatika. Ikawa hivyo Jumapili tatu. Ukweli ni kwamba mara ya tatu mtandao haukukatika.

Bango likasimama. Yuko pale anakata utepe, mikono juu, macho ameyafumba, amevaa fulana ya chuo na nembo kifuani. Aliyelichora amemwekea gunia la kilo 70 ubavuni kana kwamba ndilo alilolishinda, na nyuma yake kuna ng'ombe wa gredi anamtazama. Chini jina lake lote, mpaka la babu.

Kuna mtu alilipiga picha akaiweka Facebook, akaunganisha na ukurasa wa dadangu. Ikawafikia wachezaji wenzake, kisha kocha, kisha ofisi. Akanipigia saa tisa usiku. Mwanzoni sikumwelewa kwa sababu alikuwa ananong'ona. Alikuwa kwenye chumba cha kufulia nguo, mashine zinanguruma, hataki mwenzake wa chumbani asikie. Alisema, "Kaka, nani ameniuza?"

Kuna makosa mawili, na lile la nembo ndilo dogo. Nembo ni mali ya chuo, huwezi kuichukua ukaitilia kwenye gunia la chakula cha ng'ombe. Kubwa ni viza. Yeye ana viza ya mwanafunzi, ile ya F-1. Inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na nje ya chuo ni mpaka kibali maalumu. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni imemwita aeleze hilo bango ni kazi ya nani, nani alilipwa, na yeye alikuwa wapi wakati huo. Hana la kuwajibu kwa sababu hajui. Anayejua ni mimi.

Sasa Shangazi, nisikilize na upande wangu. Mwenzake wa chumbani ni Mmarekani, nao wanakimbia timu moja. Huyo msichana hulipwa kushika chupa ya kinywaji fulani na kutabasamu kwenye simu, halali kabisa, kwa sababu tangu tarehe 1 Julai 2021 wanamichezo wa vyuo kule waliruhusiwa kupata pesa kwa jina na sura zao. Dadangu humwacha nyuma karibu nusu ya uwanja. Mmoja analipwa, mwingine anaambiwa akithubutu atarudishwa kwao. Ruhusa ile ilitolewa na wasimamizi wa michezo, NCAA, lakini viza ni ya serikali, na mlango mmoja kufunguliwa hakukufungua ule mwingine.

Tena tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wanamichezo pesa moja kwa moja, baada ya kesi iitwayo House. Kwa mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja. Niliposikia hivyo nilimpigia mbio. Alicheka, akaniambia pesa hizo nyingi zinaishia kwa wavulana wa futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu, wakimbiaji watalamba sahani.

Mzee wetu naye analo lake. Yeye ni wa kizazi kilichomshangilia Henry Rono, Mnandi aliyevunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi Washington State. Zilikuwa enzi za riadha ya ridhaa, rekodi hazikuwa na pesa. Mzee anasema Wazungu walimnyonya Rono bure na sasa wanataka tumpe mtoto wetu bure vilevile. Kuhusu kumwomba dadangu ruhusa, hasikii. "Hilo jina ni la baba yangu. Tangu lini mtoto akamiliki jina la babu yake?" Mama yuko kimya, na kimya cha mama nyumbani kwetu si cha kupuuzwa.

Na yule jirani? Juzi kwenye kituo cha maziwa alinishika mkono, akasema kwa sauti ya utani usio utani, "Jogoo wangu yuko kwenye hilo bango. Fungu lake li wapi?"

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka jana dadangu alinisimulia kesi ya Ed O'Bannon, aliyechezea UCLA mpira wa kikapu. Miaka mingi baada ya kumaliza chuo alienda kwa rafiki, akamkuta mtoto anacheza mchezo wa video, na ndani yake yumo yeye mwenyewe: umbo lake, namba yake. Hakuulizwa, hakulipwa. Mwaka 2009 akaenda mahakamani, na ndiko mambo haya yote yalikoanza kulegea. Nilikasirika kwa niaba ya mtu huyo kiasi cha kuwahadithia wote pale kituo cha maziwa. Usiku ule wa chumba cha kufulia, dadangu alipokuwa anakata simu, alisema tu, "Unamkumbuka O'Bannon?"

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Ujumbe anausoma, naona alama mbili za buluu, hajibu.

Mwenye duka amenipa njia mbili. Ya kwanza, dadangu aje likizo ya Julai, apigwe picha mpya bila fulana ya chuo, mkataba aweke sahihi mwenyewe. Nimeulizia, na hii si ndoto tupu. Wanafunzi wa kigeni hutumia mwanya huo huo, kufanya kazi ya matangazo wakiwa nje ya ardhi ya Marekani. Oscar Tshiebwe, yule kijana wa Lubumbashi aliyechezea chuo cha Kentucky mpira wa kikapu, alifanya hivyo mwaka 2022 timu yake ilipokwenda Bahamas. Lakini dadangu lazima akitaarifu chuo kwanza, na kwa hilo lazima kwanza aongee na mimi.

Ya pili, nirudishe elfu sitini, naye ashushe bango. Mbolea iko ardhini, karo imeliwa. Nina mtamba mmoja wa kuuza. Mzee amesema mtamba ukitoka kwenye boma hili kwa ajili ya "aibu ya picha", mimi nitoke nao.

Naomba unishauri. Nimwandikie dadangu habari ya Julai sasa, wakati bango bado limesimama, au nilishushe kwanza kwa gharama yoyote ndipo nimtafute? Mke wangu anasema nikimtajia Julai kabla ya kulishusha, nitakuwa nimemuuza mara ya pili. Na ofisini kwao, niandike barua mimi mwenyewe kukiri kwamba nilitia sahihi yeye hajui, au barua yangu itakuwa ushahidi wa kumwumiza? Je, mzee nimweleze vipi habari ya jina bila kumvunjia heshima?

Nijibu kabla ya Jumamosi. Ndiyo siku mwenye duka anayokuja, na amesema akikosa pesa atakuja na lori.

Kaka Mkubwa,
Uasin Gishu