Sehemu ya tatu inaonewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa wiki iliyopita kuhusu kazi zinazotoka tatu tatu, ziwe filamu, riwaya au gemu. Alisema ya kwanza huwa tamu, ya pili huwa tamu zaidi, na ya tatu ni ya kuchumia pesa tu. Mimi nasema ya tatu inaonewa, na wanaoionea wengi hawajaifikia.

Wasomi wanaita trilojia. Mimi nilizoea kusema utatu, mpaka jirani yangu Mkatoliki akanitania kwamba Utatu una mwenyewe, nitafute neno jingine. Basi nitasema mafiga matatu, na simaanishi yale ya kampeni, ya rais, mbunge na diwani.

Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Kabla ya ufundi nilikuwa na kibanda umiza: televisheni moja, deki moja, na mabenchi ambayo nusu yake yaliazimwa msibani yakasahau kurudi. Baadaye vijana wakachoka kutazama tu, wakataka kushika pedi. Nikauza deki, nikanunua mashine mbili za gemu, PlayStation 2, zilizokwisha kutumika, nikatoza shilingi 200 kwa nusu saa. Kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyaona kwenye nyuso za watoto wa watu.

Gemu lililonilisha mimi na wanangu ni God of War. La kwanza lilitoka 2005. Linaanza na Kratos, askari wa Sparta, amesimama ukingoni mwa jabali, na anajitupa. Ndipo unarudishwa nyuma uonyeshwe kilichomfikisha pale: alimuua mkewe na binti yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa hila ya Ares, mungu wa vita. Mwisho anamuua Ares na kukikalia kiti chake. La pili, la 2007, linaishia pabaya. Kratos yuko na majitu ya kale, wanaupanda mlima Olympus, Zeus na miungu wenzake wako juu wanatazama chini. Halafu basi, giza.

Kijana aliyelimaliza pale kwangu alikuwa darasa la sita. Ilikuwa Ijumaa usiku, kibanda kizima kimesimama nyuma yake, hata mama yake aliyekuja kumfuata na fimbo aliishia kutazama. Skrini ilipokuwa nyeusi akanigeukia: "Mjomba, hajafika juu?" Nikamwambia atulie, inakuja ya tatu.

Ikaja kweli, Machi 2010, lakini kwa PlayStation 3 peke yake. Diski yake mashine zangu zisingeisoma hata ungezipigia magoti, na bei ya hiyo mashine mpya ilizidi kodi yangu ya mwaka mzima. Miaka mitatu niliulizwa swali lile lile na watoto waliokuwa wanaota ndevu mbele ya macho yangu. "Mjomba, Kratos kafika?" Nikafunga kibanda hajafika.

Yule kijana akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Siku ya Idi alirudi na laptop, akasema, "Shikamoo mjomba, nimekuletea deni lako." Tukaketi barazani kumtazama mtu mwingine kabisa, kwenye video, akilicheza la tatu, saa nzima baada ya saa, kahawa inapoa. Kratos alifika juu. Akawaua karibu wote, bahari ikafurika, jua likazibwa, na mwisho akajichoma upanga mwenyewe ili tumaini lililokuwa ndani yake liwaendee wanadamu. Kisha majina ya watengenezaji yanapita, unadhani imekwisha, unaonyeshwa pale alipolala. Hayupo. Kuna mchirizi wa damu tu, unaelekea ukingoni mwa jabali.

Nilimshika yule kijana mkono. Jabali! Si lile la mwanzo, najua, lakini ukingo ni ukingo. Siku ile ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikukiona miaka yote niliyokuwa nauza nusu saa. Sehemu ya pili kazi yake ni kumjibu mtoto anayeuliza, "Kisha ikawaje?" Ya tatu inarudi kulijibu swali la kwanza kabisa, lile ambalo ulikuwa umeshalisahau.

Chukua The Godfather, filamu za familia ya majambazi, ambazo ya tatu yake hutukanwa kila mahali. Ya kwanza ni ya 1972, ya pili 1974, halafu kimya mpaka 1990. Nakubali imelegea, yapo mengi ya benki na maaskofu yaliyowapeleka wateja wangu nje kuvuta sigara. Lakini mzee Vito, katika ya kwanza, anafia bustanini katikati ya nyanya zake, anacheza na mjukuu, ameweka ganda la chungwa mdomoni kumtisha. Mwanawe Michael, katika ya tatu, ameketi uani kule Sicily, anadondoka kitini peke yake, mbwa ndiye shahidi. Bila ile ya tatu usingejua kifo cha baba kilikuwa utajiri wa namna gani. Mwaka 2020 mtengenezaji wake, Coppola, aliihariri upya, na kile kifo hatuonyeshwi tena. Mimi hapo nilimshangaa mzee wa watu.

GTA, yaani magemu ya Grand Theft Auto, sitazungumzia sana. Ile ya III, Vice City na San Andreas, za kati ya 2001 na 2004, nazo ziliniletea wateja wengi, na leo huuzwa pamoja kama mafiga matatu. Lakini kila moja ina mtu wake na mji wake. Ukiikosa moja usiku unalala. Nyumba tatu mtaa mmoja hazijawa ukoo.

Kuna ya mwandishi Mwingereza Tolkien pia, The Lord of the Rings, ambayo kumbe yeye aliiandika kama kitabu kimoja. Wachapishaji ndio walioikata vipande vitatu, 1954 na 1955, karatasi zilipokuwa ghali baada ya vita. Filamu ya tatu, ya 2003, ilizoa tuzo 11 za Oscar. Binti yangu anafundisha Kiingereza Muheza, na yeye ndiye aliyenieleza kwamba katika kitabu wale mashujaa wafupi wa kimo wanaporudi kwao wanakuta miti imekatwa na wababe wamekalia kijiji, inabidi wapigane upya mlangoni kwao. Kwenye filamu hilo halimo, wanakuta kila kitu kijani. Tuzo 11, na figa lenyewe limepunguzwa.

Lakini Mhariri, hasa kilichonifanya nishike kalamu ni Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria. Shujaa Okonkwo kila aliyepita shule anamkumbuka: mtu aliyekataa kupinda, akamkata kichwa tarishi wa Wazungu, akajitia kitanzi. Kitabu chenye jina lake, kwa Kiingereza Things Fall Apart, ni cha 1958. Miaka miwili baadaye kikaja tunachokijua kwa Kiswahili kama Hamkani si Shwari Tena: Obi, mjukuu wa Okonkwo, amesomeshwa Uingereza kwa fedha za watu wa kwao, anapata kazi ya serikali Lagos, anaishia mahakamani kwa rushwa. Ndiyo ile "kisha ikawaje".

Cha tatu, Mshale wa Mungu, cha 1964, hakiendi mbele. Kinarudi nyuma, kwa kuhani Ezeulu. Huyu si Okonkwo. Huyu amemtoa mwanawe aende kwenye dini ya Wazungu awe jicho lake huko. Anajua kupinda. Kisha Wazungu wanamweka ndani kwa kuwa amekataa uchifu wao, miezi inapita, na vile viazi vikuu vitakatifu anavyopaswa kula kimoja kila mwezi unapoandama vinabaki. Akiachiwa anakataa kutangaza mavuno mpaka avimalize. Viazi vinaozea ardhini, watu wana njaa, na kanisa linasema leteni sadaka huku, mvune. Aliyekataa kupinda alivunjika, na aliyejua kupinda naye akavunjika. Sasa mrudie Okonkwo uone kama utamlaumu kwa ukali ule ule wa darasani.

Hiki cha tatu nilikisoma mara moja, 1986, kwa Kiswahili, cha kuazima, na kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofolewa. Nadhani muuza karanga alihusika. Mwisho nilisimuliwa na binti yangu kwa simu, miaka mingi baadaye, vocha ikakatika Ezeulu akiwa amefiwa. Nimekitafuta kwenye meza za vitabu hapa Tanga, nimekitafuta Korogwe, nimewaagiza wasafiri. Katika maktaba moja nilionyeshwa kadi yake: kiliazimwa 1991. Cha kwanza walikuwa nacho, nakala saba.

Na hapa kwetu Tanga amezaliwa mwandishi Shaaban Robert. Watu humtafutia mafiga matatu: Kusadikika, Kufikirika, na Adili na Nduguze. Nami niliwahi kuwaambia hivyo wanangu kwa kujidai, mgosi wa Tanga na mwandishi wake. Sisemi tena. Ni hadithi tatu nzuri, kila moja na nchi yake. Alichoanza kweli ni hadithi ya maisha yake mwenyewe: Maisha Yangu, kisha Baada ya Miaka Hamsini. Akafariki 1962, ana miaka 53, akazikwa Machui. Figa la tatu hatukulipata, na huyo siwezi kumdai.

Wachapishaji naweza kuwadai. Ombi langu kwao, kupitia gazeti lako: Achebe wa Kiswahili achapwe vitabu vyote vitatu kwa pamoja, katika boksi moja hata la karatasi ngumu, na bei iandikwe kwenye boksi ili muuzaji asiweze kuvitenganisha. Wenye maktaba nao wakiazimisha mfululizo waazimishe wote, kwa saini moja. Mabenchi yangu yalinifundisha kwamba kitu kikitoka kimoja kimoja hakirudi.

Wakati tunasubiri, kama kuna msomaji mwenye Mshale wa Mungu yenye kurasa zote, namkaribisha barabara ya kumi na mbili, aulize kwa fundi aliyekuwa na kibanda. Redio yake nitamtengenezea bure. Kitabu nitakisomea hapo hapo barazani akiwa amekaa, akitaka.

Fundi Redio,
Ngamiani, Tanga